Barua Yenye Heshima Zote Isiyosema Kitu

Wanafunzi wangu wapendwa wa Gitega, nanyi wa Muyinga mliokuwa wanafunzi wangu kabla yao,

Leo nina ugomvi. Si nanyi. Ni na sisi tuliowafundisha, nami nikiwa katika mstari wa mbele. Tumewafundisha kuandika barua, insha na ripoti kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa Kifaransa, na katika lugha zote hizo tumewafundisha jambo moja: kujaza ukurasa bila kusema kitu. Kisha mnapomaliza shule na kushindwa kuandika ombi la kazi linaloeleweka, tunasema kwamba Kiingereza chenu ni dhaifu. Nadai kwamba udhaifu hauko katika Kiingereza.

Nitaanza na kisa kilichonitia aibu. Nilipokuwa nikifundisha Muyinga, mama mmoja aliyerejea kutoka kambi ya wakimbizi nchini Tanzania alimwomba mwanafunzi wangu wa darasa la mwisho amwandikie barua. Alikuta kipande cha shamba la marehemu mumewe kimelimwa na jirani. Alitaka ofisi moja ya serikali imwite jirani huyo pamoja na wazee waliojua mpaka wa zamani, basi. Mvua za Septemba zilikuwa zinakaribia, na anayewahi kupanda maharage ndiye anayeonekana mwenye shamba.

Kijana yule alikuwa bora darasani. Kwa insha yake ya mwisho nilikuwa nimempa alama 17 kwa 20. Akaandika ukurasa mzima kwa mwandiko mzuri, na nakala yake akaniletea baadaye. Aya ya kwanza ilisema hivi: “Kwa heshima na taadhima kubwa, ninayo fahari isiyo kifani ya kuikaribia haiba yako ya juu ili kuwasilisha mbele ya wema wako usiopimika ombi langu hili la unyenyekevu.” Aya ya pili ilikuwa juu ya thamani ya ardhi kwa binadamu. Ya tatu ilisifu amani. Ya nne ilitaja “tatizo la shamba linalonisumbua kwa muda mrefu”, kisha ikarudi haraka kwenye heshima na kufunga kwa “hisia zangu za utiifu wa hali ya juu kabisa”.

Jina la kilima halikuwemo. Jina la jirani halikuwemo. Hakuna mwaka wa kuondoka wala wa kurudi, hakuna mpaka, hakuna shahidi. Wala barua haikusema mama yule alitaka nini kifanyike! Baada ya majuma kadhaa ilirudi ikiwa na neno moja lililoandikwa pembeni kwa kalamu: “Fafanua.” Wakati huo maharage ya jirani yalikuwa yamekwisha kuota.

Mama hakumlaumu kijana, wala hakunilaumu mimi. Aliniambia, “Mwalimu, labda hatukuweka heshima ya kutosha.”

Tangu siku ile sijampa mtu alama 17 kwa insha ya namna hiyo. Lakini swali limebaki nami: kijana alijifunzia wapi? Haiba ya juu si Kiswahili, na mtu wa Ngara au Kigoma akiisoma atacheka. Ni Kifaransa cha makarani kilichovaa kanzu. Ubelgiji ilitawala nchi hii tangu 1916 hadi uhuru wa 1962, na karani aliyemwandikia bwana mkubwa alilazimika kujipinda kabla ya kuomba hata wino. Bwana mkubwa aliondoka. Mgongo uliopinda ukabaki katika barua. Tulipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili na Kiingereza vikapata nafasi kubwa zaidi shuleni, tulizitafsiri barua zile zile neno kwa neno. Kiingereza kikawa lugha rasmi kisheria mwaka 2014, nacho tukakivisha vazi hilo hilo. Nimesoma barua ya Kiingereza ya mwombaji kazi aliyemweleza meneja wa malori kwamba anaikaribia haiba yake iliyo juu. Meneja, nasikia, aliuliza kama kijana huyo anataka kupanda ngazi.

Wala tusiwatupie Wabelgiji mzigo wote. Kiswahili chenyewe kina ugonjwa wake. Nchini Kenya, ambako watoto walifanya mtihani wa KCPE kuanzia 1985 hadi 2023, vizazi vya wanafunzi vilikaririshwa mianzo ya insha: majogoo yakiwika, jua likichomoza kwa mbwembwe, ndege wakimsifu Muumba, hata kama kichwa cha insha ni ajali ya barabarani. Vitabu vya insha za mfano vilivuka mipaka, vikatufikia, nasi tukavipokea kama mgeni mwenye zawadi. Nakiri kwamba nimewahi kusahihisha kwa kuhesabu methali. Methali tano, alama tano. Mwanafunzi aliyeeleza waziwazi kwa nini bomba la maji la shule lilikauka, bila methali hata moja, nilimwandikia “lugha kavu”. Bomba lilikuwa kavu kweli, lakini maelezo yake yalikuwa ndiyo pekee ambayo fundi angeweza kuyatumia.

Kuna tofauti kati ya miji yangu hii miwili, na inafaa niieleze kwa sababu inabomoa udhuru mmoja mkubwa. Muyinga ni mji wa soko, wa misikiti na wa malori. Mpaka wa Kobero hauko mbali, na ng’ambo yake kuna Kabanga na barabara ya kwenda Dar es Salaam, bandari inayopitisha mizigo yetu mingi. Huko wanafunzi wengi huja shuleni wakiwa na Kiswahili mdomoni: wamekipata kwa bibi, kwa madereva, au kambini. Wanasema upesi kuliko mwalimu. Wakiandika, huandika kama wanavyosema, kana kwamba msomaji amesimama mbele yao na anaona kidole kinachoelekeza: “yule jamaa wa pale alikuja akachukua ile.” Gitega, mji mkuu wetu wa kisiasa tangu 2019, hali ni nyingine. Wengi wa wanafunzi wangu hapa wamekutana na Kiswahili kitabuni. Upatanisho wao wa ngeli ni safi. Unaweza kuupima kwa rula. Lakini muulize aandike ripoti ya mkutano wa darasa, atakuletea ukurasa usio na uamuzi wala jina la mtu.

Basi wenzangu wanaosema “sarufi kwanza, kuandika kutakuja kwenyewe” wanijibu: mbona hakukuja Gitega? Na wanaosema “waache wazungumze, watajifunza kuandika” wanijibu: mbona hakukuja Muyinga? Uwazi ni somo la peke yake. Hufundishwa, au hukosekana.

Sasa niwaonyeshe linalofundishwa, kwa sababu kulalamika tu ni kazi ya kijiweni.

Tazameni sentensi hii: “Shemeji alimwambia jirani kwamba shamba lake litarudishwa kwake akirudi.” Sarufi yake haina kosa. Shamba la nani? La shemeji, la jirani, au la mtu wa tatu aliyeko Tanzania? Nani akirudi? Kiswahili, kama Kirundi chetu, humtaja mwanamume na mwanamke kwa kiambishi kimoja, na “lake” humfuata yeyote. Katika mazungumzo hatupotei, kwa maana sote tunajua habari. Mbele ya hakimu ambaye hajawahi kukanyaga kilima chetu, neno hilo “lake” lina upana wa hekta. Dawa si ngumu: rudia jina. Rudia hata mara tatu. Walimu wa insha tulikwambia kurudia neno ni umaskini wa msamiati, na katika hati ya shamba tulikudanganya. Ukiandika Kiingereza, mtego hugeuka upande wa pili: lugha ile hutenganisha mwanamume na mwanamke, nawe kwa mazoea ya nyumbani unamwita mama kwa kiwakilishi cha baba. Msomaji hudhani kuna watu wawili. Nimeona kisa cha mtu mmoja kikawa na wahusika watatu kwa njia hiyo tu.

Tazameni tena: “Imeamuliwa kwamba michango ikusanywe kabla ya mwisho wa mwezi.” Imeamuliwa na nani? Ikusanywe na nani, kiasi gani, kwa kazi ipi? Kauli ya kutendwa ni hazina ya Kiswahili, siikatai. Ila mwenye ofisi anayetaka fedha bila kuulizwa hukimbilia huko kwanza. Raia aliyefundishwa kusoma anapaswa kuuliza yuko wapi mtenda. Raia aliyefundishwa kuandika anapaswa kumweka.

Halafu kuna minyororo ya nomino, ambayo semina na miradi imetuletea kwa wingi: “ufanikishaji wa utekelezaji wa uboreshaji wa mazingira ya ujifunzaji.” Niliwahi kusoma maneno hayo katika ripoti, nikauliza yana maana gani. Nilijibiwa kwamba wamenunua madawati. Wamenunua madawati! Nani anayeona haya kusema amenunua madawati?

Na saa. Hili ni dogo, lakini watu wa Muyinga wanajua gharama yake. Mkimwandikia mwenye lori aliye Kabanga kwamba mzigo utakuwa Kobero “saa nne”, mmemwambia nini? Asubuhi au usiku? Na saa nne ya nani? Tanzania iko mbele yetu kwa saa moja. Saa nne ya Kabanga ni saa tatu ya Kobero. Mkihamia Kiingereza bila kufikiri, saa nne huandikwa kama tarakimu 4, na msomaji huja saa kumi jioni. Barua yenye manufaa husema: saa nne asubuhi, saa za Burundi, yaani 10:00. Ni maneno machache tu, na hakuna lori linalolala barabarani.

Nimekwisha kuwasikia wapinzani wangu katika chumba cha walimu. Wa kwanza husema kwamba Mrundi hasemi moja kwa moja. Adabu yetu ni kuzunguka, na uwazi ninaoutaka ni utovu wa adabu wa kigeni. Hoja hii naiheshimu kuliko nyingine. Ni kweli kwamba nchi hii imethamini ufasaha tangu zamani. Mwaka 1964 mwanaanthropolojia Mmarekani, Ethel Albert, alichapisha makala juu ya usemi nchini Burundi, akaeleza jinsi vijana wa koo kubwa walivyofundishwa kwa utaratibu namna ya kuzungumza: salamu, ombi, hotuba, kila kimoja na wakati wake. Lakini wenzangu wanasahau nusu ya urithi huo. Bashingantahe walipokaa kuamua mgogoro, kila upande ulisema kwa zamu, mashahidi wakasikilizwa, na hukumu ikatolewa hadharani, mbele ya wenye kesi na majirani. Jina lao lenyewe linatokana na kuisimika fimbo ya haki, intahe, ardhini. Mnadhani mzee aliyesimika fimbo hiyo alizunguka hadi watu wakaondoka bila kujua shamba ni la nani? Adabu ilikuwa mlangoni. Uamuzi ulikuwa uani, na kila mtu aliuona. Sisi tumebakiza mlango tukaibomoa nyumba.

Sisemi tuondoe heshima. “Mheshimiwa” mwanzoni na “wako mtiifu” mwishoni vinatosha, na msomaji mwenye barua arubaini mezani atakuona una adabu zaidi ukimpunguzia kazi.

Wa pili husema: Kiswahili ni lugha ya mashairi na mafumbo, Kiingereza ndicho lugha ya uwazi na sayansi, kwa hiyo tuongeze vipindi vya Kiingereza tu. Hapa ndipo ninaponyanyua sauti. Kiingereza hakikuzaliwa na uwazi. Watu waliupigania. Mwaka 1946 George Orwell aliandika makala kali juu ya Kiingereza cha wanasiasa, akionyesha jinsi maneno makubwa yanavyotumika kuficha mambo mabaya. Mwaka 1979 huko London, Chrissie Maher alizichanachana fomu za serikali hadharani karibu na Bunge, kwa sababu watu wa kawaida walikosa haki zao kwa kutozielewa, na hapo ukaanza mwendo wa kudai Kiingereza sahili. Marekani ilihitaji sheria nzima, mwaka 2010, kuziamuru idara za serikali ziandike kwa lugha ambayo mwananchi anaielewa. Afrika Kusini iliweka katika sheria yake ya kumlinda mlaji ya 2008 haki ya kupewa hati kwa lugha nyepesi. Kama Kiingereza kingekuwa wazi kwa maumbile yake, sheria hizi zingetungwa kwa nini?

Na Kiswahili hakikosi nathari iliyo wazi. Someni Azimio la Arusha la 1967. Mnaweza kupinga siasa yake, wengi wameipinga, lakini hamtamaliza aya mkijiuliza mwandishi anadai nini. Hata mpinzani wake alijua mahali pa kushika. Mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama zake. Maana yake ni kwamba ng’ambo tu ya Kobero kuna hukumu zinazoandikwa kwa lugha tunayoiita ya mafumbo, na watu wanapata au wanapoteza mali kwa hukumu hizo. Mwaka uliofuata Umoja wa Afrika ukakikubali kuwa lugha ya kazi. Kazi, si ngonjera.

Kwa hiyo mwanafunzi asiyeweza kuandika aya moja iliyo wazi katika lugha anayoifikiria, Kirundi kwanza, kisha Kiswahili, hataipata katika Kiingereza kwa kuongezewa msamiati. Atapata tu maneno mengi zaidi ya kujifichia. Kinyume chake nimekiona kwa macho yangu: aliyejifunza kuuliza “nani, nini, wapi, lini, nataka msomaji afanye nini” kwa Kiswahili huhamia na maswali hayo katika Kiingereza, na barua yake yenye makosa sita ya sarufi humfikia msomaji kabla ya barua ya mwenzake isiyo na kosa wala habari.

Wa tatu husema madarasa ni makubwa, na hakuna mwalimu awezaye kusahihisha insha sabini kila juma. Huyu ana haki, nami sina muujiza. Ninachofanya ni hiki. Naagiza aya moja, si kurasa tatu. Kila mmoja humpa jirani wa dawati la nyuma, ambaye hana ruhusa ya kuuliza swali. Anasoma, kisha anaandika chini yake atakalolifanya kutokana na aya hiyo. Mwandishi akiona kwamba jirani ameelewa jambo jingine, anaandika upya. Juma la kwanza darasa zima liligombana. Aliyeeleza njia ya kwenda kwao kutoka soko kuu la Gitega alimfikisha mwenzake hospitalini. Walijirekebisha bila kalamu yangu nyekundu, na nilisahihisha aya kumi tu, za waliokwama.

Mwaka uliopita niliwapa wanafunzi wa Gitega habari ya mama wa Muyinga, bila jina wala mahali halisi, nikawaomba waandike barua ambayo ingepaswa kwenda. Hii hapa moja, kama ilivyoletwa, nimebadili majina tu kuwa herufi:

“Yah: Ombi la kuonyeshwa mpaka wa shamba

Mheshimiwa,

Naomba umwite jirani yangu B., pamoja na wazee C. na D., waonyeshe mpaka wa shamba la marehemu mume wangu kabla ya kupanda kwa Septemba. Shamba liko kwenye kilima cha K., kati ya kijito na barabara ya kwenda shuleni. Mume wangu na mimi tulikimbia mwaka 2015. Mume wangu alifia kambini, nami nimerudi mwezi Mei mwaka huu. Nilikuta upande wa kijito, hatua arubaini kwa upana, umelimwa na B. B. anasema aliuziwa na shemeji yangu. Shemeji yangu anakana. Wazee C. na D. walikuwepo mpaka ulipopandwa miti. Nimeambatisha nakala ya kitambulisho changu na cheti cha kifo cha mume wangu.

Wako mtiifu.”

Mwandishi wake si msichana wa kwanza darasani. Kwa kawaida yuko katikati. Methali hakuna. Jina B. limerudiwa bila aibu. Nilimpa 18, na mwenzangu mmoja aliyeiona karatasi akaniuliza kama nimeugua, kwa sababu kwa mwongozo wa kusahihisha tunaoutumia, wenye safu ya “mapambo ya lugha” na usio na safu ya “msomaji ameelewa”, barua hii isingepita 11. Tulibishana hadi kengele ikalia. Yeye bado anadai kwamba mtihani wa mwisho utawaadhibu, na pengine atakuwa sahihi mwaka huu. Ndiyo maana nimeanza kuwasumbua wakaguzi.

Kwa darasa langu la Gitega: Jumatatu kila mmoja alete barua mbili za nusu ukurasa kwa msimamizi wa komini, juu ya taa zisizowaka kwenye njia mnayopita jioni, moja kwa Kiswahili na moja kwa Kiingereza. Ombi liwe katika sentensi ya kwanza. Semeni ni nguzo ngapi, kutoka wapi hadi wapi, tangu lini. Anayetaka kuikaribia haiba ya juu aikaribie nyumbani.